NANI KAUZIBA MDOMO MNAZI MMOJA?

Kijana wa Dar es Salaam, nakuuliza swali moja na usinijibu kwa haraka. Mara ya mwisho ulipopita Mnazi Mmoja, ulisikia nini?

Usiniambie honi za daladala. Honi zipo Mbagala, zipo Gongo la Mboto, zipo kila penye foleni. Nauliza uwanja wenyewe. Ulikwambia nini? Nawajua wasomaji wangu, wengi mtasema haukusema kitu. Uliona mnara ndani ya uzio wake, uliona miti, uliona watu wamejinyoosha kivulini wakisubiri jua lipoe, ukakaza mwendo kwenda Kariakoo kutafuta riziki. Basi hoja yangu ya leo iko hapo hapo. Uwanja ule ulikuwa na mdomo. Uliimba, ulihutubia, ulizomea, ulipiga makofi mpaka Gavana wa Kiingereza akakosa raha kule Ikulu. Leo umekuwa bubu, na ububu huo haukuletwa na maradhi.

Tunaambiwa kila mara kwamba urithi wa mji ni majengo. Wakubwa wakitaka kuonyesha kwamba wanajali historia wanakwenda kupaka rangi boma la Mjerumani, wanaweka kibao, wanakata utepe, wanapiga picha, wanarudi kwenye kiyoyozi. Sikatai, boma lipakwe rangi. Lakini mahali pa kihistoria mtu hapajui kwa kusoma kibao. Anapajua kwa macho na masikio: nani amesimama juu na nani anatazama kutoka chini, ngoma gani inalia, nani anaruhusiwa kupaza sauti na nani anaambiwa funga mdomo wako. Ondoa hayo, umebaki na kiwanja cha kuegesha magari. Na watawala wanalijua hilo vizuri kuliko sisi tunaotawaliwa. Ndiyo maana tangu enzi za mkoloni hawajaacha kugombania kipi kionekane na kipi kisikike katika viwanja vya mji huu.

Tuanze na macho. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam Septemba 1916. Walikuta Mjerumani ameshaanza kuugawa mji kwa rangi za ngozi, wao wakaimalizia kazi. Uzunguni kando ya bahari, nyumba moja bustani tatu, upepo mwanana. Uhindini katikati, duka chini na watu juu. Na sisi weusi tukapewa Kariakoo, mahali palipochukua jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale. Ulimi wa Mswahili ukaifanya Kariakoo na imekaa hivyo. Sasa kati ya Uhindini na Kariakoo wakasafisha uwanda mrefu, isijengwe nyumba, asikae mtu. Kisingizio kilikuwa afya ya mji. Uwanda huo wa kuwatenga watu ndio Mnazi Mmoja unaoupita kila siku.

Fikiria basi ulikuwa unaonekanaje. Baba zetu walitoka Kariakoo alfajiri kwenda kuwa matopasi, makuli na maboi, na kabla ya kufika kwa mwajiri walipaswa kuvuka utupu ule, wote wakionekana kutoka pande zote mbili. Hakuna aliyehitaji kuandika "mwisho wako hapa". Uwanda ulisema bila maandishi. Na ukitaka maoni yangu, ulikuwa pia uzio wa masikio, maana ngoma ya Uswahilini ikilia usiku bwana mkubwa alitaka ifike kwake imechoka.

Upande wa pili wa mji wakaweka cha kutazamwa. Mwaka 1927 walisimamisha sanamu ya Askari, pale ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann wao. Unamfahamu Askari, unampita kila ukiwa mjini. Bunduki mkononi, singe inaelekea bandarini. Maneno ya chini yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, Mwingereza, yakawekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yanawasifu Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo. Sanamu nzuri, sina ugomvi nayo. Ila tazama mantiki ya mkoloni: Mwafrika wa shaba, aliyekauka, asiyeongea, akawekwa katikati ya mji mahali pa heshima. Mwafrika wa nyama na damu, mwenye sauti, akabaki ng'ambo ya uwanda. Sanamu haijawahi kuombewa kibali cha polisi.

Lakini watu hawakukubali utupu ule ukae mtupu. Hapa ndipo raha ya historia yetu ilipo, na hii hukufundishwa shuleni. Miaka ile ya baada ya vita vijana wa mji huu, vijana kama wewe, walikuwa na beni. Walijigawa vikundi, Marini ya makarani na wenye nafasi zao, Arinoti ya makabwela. Walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakavaa magwanda, wakapanga mistari, wakapiga tarumbeta na ngoma, wakapita mitaani kama jeshi la Mzungu hasa. Aliyekuwa anamfulia bwana nguo mchana, jioni ni Jenerali! Walioona waliona mchezo. Serikali iliona kitu kingine, ikawatazama kwa jicho la wasiwasi, maana mtu anayeweza kupanga watu mia kwa mistari na kuwafanya wapige hatua moja kwa sauti moja, kesho anaweza kuwapeleka kwingine. Ngoma mjini ikawa jambo la kuombewa kibali. Shika neno hilo, kibali. Tutakutana nalo tena mbele ya safari, limevaa suti.

Halafu ikaja TANU. Julai 7, 1954, katika jengo lililokuwa la chama cha Waafrika, mtaa wa New Street, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Mtaa huo leo unaitwa Lumumba, na mahali hapo unapajua kwa rangi zake za kijani na njano. Mikutano ya TANU ya miaka ile ilifanyika hapa Mnazi Mmoja na kule Jangwani. Na nani aliyewaleta watu? Vitabu vya shule vinakupa jina moja tu, la Mwalimu, na anastahili. Lakini muulize bibi yako kama bado yupo. Waliokusanya watu walikuwa akina mama wa vikundi vya ngoma, na mbele yao Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi chake kabla hajawa mwanasiasa. Alijua kupaza sauti bila kipaza sauti. Alijua kuitikisha umati. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine, na kila kiongozi akaja na watu wake. Makarani walikuwa na katiba ya chama mfukoni. Sauti ilikuwa ya akina mama.

Waingereza walifanya nini? Mwaka 1957 walimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hawakumkataza kufikiri, hawakumkataza kuandika barua kwenda Umoja wa Mataifa, hawakuchukua nyumba yake. Walichukua sauti yake uwanjani. Mwaka uliofuata walimshitaki kwa kashfa kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika kijarida cha chama kilichoitwa, sikiliza jina, Sauti ya TANU, na mahakama ikamtoza faini. Mkoloni hakuwa mjinga. Alijua uwanda alioutengeneza ili uwatenge watu sasa unawaunganisha, na kinachowaunganisha si nyasi.

Sasa njoo nami upande wa pili wa uwanja. Barabara inayopita pale inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kila siku makondakta wanalitaja jina hilo, wewe mwenyewe umelitaja mara elfu. Mwanamke huyo huyo, baada ya Uhuru, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970, akaachiwa 1972, akaishi kimya kirefu, akafariki mwaka 2000. Walimpa barabara. Ni desturi ya nchi hii: ukiwa na sauti unatafutiwa kifungu cha sheria, ukishanyamaza unatafutiwa mtaa.

Sitakaa sana katika zama za chama kimoja, wengi mmesimuliwa na wazee wenu. Kuanzia 1965 uwanja haukufungwa, la hasha, ulijaa kila walipotaka ujae. Kwata, halaiki, bendera, "zidumu fikra". Uliona umati, ukasikia mtu mmoja. Kazi ya umati ilikuwa kuitikia. Mtu alizoea kupiga makofi hata kabla ya kusikia kilichosemwa, na ukitazama vikao fulani leo utaona ugonjwa huo umerithiwa.

Julai 1, 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na hapo masikio ya mji huu yakazibuka kwa kishindo. Wewe pengine hukuwa umezaliwa. Kaka zako walikuwepo. Waulize mwaka 1995 ulisikikaje. Waulize jinsi vijana walivyolisukuma gari la Mrema kwa mikono, mafuta yapo, injini nzima, lakini vijana wanasukuma, mtaa baada ya mtaa, vumbi limewatapakaa, wanaimba. Wachambuzi wa Kizungu waliliita shamrashamra. Mimi naliita somo la uraia, kwa sababu kwa mara ya kwanza kijana kabwela aliona kwa macho yake kwamba wako wengi. Hilo peke yake ni jambo zito! Mtu akiwa peke yake chumbani Manzese anadhani hasira yake ni ya kwake. Akifika uwanjani anasikia elfu wanaguna pale pale anapoguna yeye. Uchaguzi wenyewe wa Dar es Salaam, Oktoba mwaka ule, uliharibika ukafutwa, ukarudiwa Novemba 19, na matokeo unayajua. Lakini waliokuwepo hawajasahau ile sauti.

Na Jangwani! Uwanja ule wa bondeni umebeba mambo. Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa pale Septemba 1990. Agosti 2015 CCM ilizindua kampeni pale tarehe 23, na siku sita baadaye, tarehe 29, UKAWA nao wakazindua za kwao na Lowassa wao. Umati kwa umati, kijani wiki hii, wiki ijayo rangi nyingine, na Morogoro Road imesimama. Sikwambii nani alijaza zaidi, kila mtu ana picha yake ya kutoka angani. Ninachosema ni kwamba mji ulijitazama na kujisikiliza mara mbili ndani ya wiki moja, mahali pale pale. Huo ndio uwanja.

Miezi michache baadaye, mwaka 2016, ikaja marufuku. Mikutano ya hadhara ya vyama basi, kazi kwanza, siasa msubiri 2020. Mbunge ahutubie jimboni kwake, asivuke mpaka. Ukiondoa wiki za kampeni za 2020, kimya hicho kiliendelea mpaka Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kukiondoa. Piga hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 12 siku ile ya marufuku alikuwa amefika 18 au 19 ilipoondolewa. Ameota ndevu bila kujua mkutano wa hadhara unanukaje. Sheria ya vyama ipo, katiba ipo, viwanja vipo, nyasi zimekatwa. Sauti hakuna. Lile neno la enzi za beni, kibali, limerudi na suti yake mpya. Na yule aliyekataza ametoka chama gani? Chama cha wale waliokatazwa mwaka 1957!

Utaniambia, mzee, dunia imebadilika, sasa tunatazama hotuba kwenye simu. Haya, tutazame. Simu inakupa uso wa mhutubiaji, tena karibu mno, mpaka unaona jasho. Haikupi mama muuza mihogo aliye nyuma yako anayesema kwa sauti ya chini "mwongo huyo". Haikupi lile guno linaloanzia upande wa mwembeni na kutambaa mpaka jukwaani, mhutubiaji akababaika na kubadili maneno. Kwenye simu hakuna anayebabaika. Unatukana, anayetukanwa hasikii. Tena simu ina swichi, na swichi haiko mfukoni mwako. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, machafuko yalipozuka, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje hapa Dar es Salaam kuanzia saa 12 jioni, na intaneti ikazimwa. Ya siku zile yana mahali pake, na damu iliyomwagika ina wenyewe wanaoililia, sitaki kuyapitia juu juu katika safu hii. Nataka ukumbuke masikio yako tu. Kariakoo saa moja jioni bila sauti ya mtu! Wazee waliozaliwa pale walisema hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Simu imekuwa jiwe, mtaa umekuwa kaburi. Usiku ule ndipo wengi walipoelewa kwamba kelele za mji huu, zile tunazozilaani kila siku, ndizo zinazotuambia tuko hai na jirani naye yu hai.

Hebu tuziongelee basi kelele hizo, maana hapa kuna hila. Zipo Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na NEMC ndio wasimamizi. Sizipingi. Baa inayopiga spika mpaka saa kumi alfajiri pembeni ya wodi ya wazazi haitetei demokrasia, inauza bia. Mgonjwa alale, mtoto wa shule alale. Lakini kijana, jihadhari na watu wasiojua, au wanaojifanya hawajui, tofauti kati ya kelele na sauti. Beni iliitwa kelele. Mchiriku wa miaka ya 1990 na vile vinanda vyake vidogo vya Casio uliitwa uhuni. Singeli ilipozaliwa uswahilini iliitwa fujo ya watoto waliokosa malezi, leo mgombea wa chama tawala hapandi jukwaani bila singeli. Kumbe tatizo halikuwa mdundo. Tatizo lilikuwa nani ameushika.

Na Kariakoo yenyewe, ukiijua kuisikiliza, ni chuo. Simama asubuhi kwenye kona ya Uhuru na Lumumba, kisha ingia ndani taratibu. Muuza kahawa hapigi kelele, anagonganisha vikombe vyake, na mlio wa kikombe unajua umbali alipo. Mpaka rangi kucha anagonga chupa. Fundi viatu anagonga kisanduku chake kwa brashi. Kila mmoja ana mlio wake, na hakuna kijana wa Kariakoo anayewachanganya. Juu yao sasa vimekuja vipaza sauti vya betri vinavyorudia bei moja kutwa nzima, "buku, buku, buku", mwenye sauti yenyewe ameshakwenda kula. Vinaudhi, nakubali. Halafu ikifika siku ya watani, Msimbazi inageuka nyekundu na Twiga na Jangwani zinageuka kijani na njano, na huhitaji kuuliza matokeo, mtaa utakwambia. Yanga tangu 1935, Simba tangu 1936, hakuna serikali iliyowahi kuwapigia watu hawa kengele ya kukusanyika.

Lakini nyumba zinazoisikia sauti hiyo zinakwisha. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mbele baraza inayotazama barabara. Baraza ile ilikuwa sikio la nyumba. Mzee alikaa pale na bao lake, habari ikapita mbele yake, akaizuia, akaichuja, akaiachia. Leo kiwanja kile kile kina ghorofa nane, chini maduka ya nguo za China, mlango wa vioo, mlinzi anayekuuliza "unakwenda wapi?" Mwenye kiwanja amepata hela, simlaumu, watoto wanasoma. Ila mtaa umepoteza masikio, na hakuna ofisi inayoandika hasara ya namna hiyo.

Wala usitegemee sheria ikulindie. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari wake mwaka 1863: kilichojengwa kabla ya hapo kinahesabika kuwa cha kale, kilichojengwa baada ya hapo kinasubiri Waziri akitangaze. Sasa Dar es Salaam yenyewe Sultan Majid ameianza miaka hiyo hiyo ya 1860! Maana yake karibu mji mzima uko upande usiolindwa wa mstari. Na hata huo ulinzi ni wa mawe. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mahali walipoimba akina mama wa 1955 pabaki mahali pa kuimbia.

Tazama Kidongo Chekundu. Hapo jirani tu na Mnazi Mmoja, palikuwa kiwanja cha vumbi, kila mtu anaingia, mpira, mikutano, mahubiri. Oktoba 2015 kikafunguliwa kuwa kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Rais Kikwete. Kizuri, nyasi za kisasa, watoto wanafundishwa mpira na kikapu, na ningependa kila kata iwe nacho. Lakini kiwanja chenye geti na ratiba si kiwanja kile kile. Tulipata uwanja wa michezo, tukapoteza mahali pa mtu kusimama juu ya kreti la soda na kusema lake. Vyote viwili vingeweza kuwepo. Nani aliuliza?

Sasa zamu ya Jangwani imefika. Nusu ya bonde lile limeshakula karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa penye mkondo wa maji wakati mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameshaonyesha kila mwenye macho pale ni pa nani, na mvua zikaja kudai haki yao, mabasi yakaogelea. Ndipo ukaja mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, kwa fedha za Benki ya Dunia zilizopitishwa 2022. Daraja jipya, mto upanuliwe, wakazi wahamishwe, karakana ihame, na bondeni iwekwe bustani ya jiji. Sina neno na daraja, tumechoka kutembea kwa miguu kila mvua ikinyesha. Neno langu liko kwenye bustani. Nimeona namna wakubwa wanavyochora bustani: njia ya kukimbilia, viti vya kupigia picha, mgahawa, maegesho, na bango la "usikanyage majani". Vijana wa Manzese na Magomeni wataitazama kupitia uzio.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, nenda. Usiende kupiga porojo. Michoro ya mradi huu ni mali ya umma, diwani anapaswa kuijua. Msimamishe umuulize mambo mawili, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika nyuma. La kwanza, katika bustani hiyo ya Jangwani, uwanja wa wazi wa watu kukusanyika umechorwa wapi, na una upana gani? La pili, mtu akitaka kuhutubia au kupiga ngoma pale, ataomba kwa nani, na akinyimwa atakata rufaa wapi? Akikwambia hajui, mpe tarehe ya kurudi na jibu, na mwombe katibu aiandike kwenye muhtasari, kisha muhtasari usomwe mbele ya watu wote kabla hamjatawanyika.